Mwauliza, Tunajibu: Kumaliza Teritwari Sita za Haut-Katanga

Jambo yenu, ndugu wahariri. Nilisikia kuna Wamarekani wanaozunguka jimbo lao mpaka wafike katika kila kaunti, na kila wanapofika wanapaka rangi kwenye ramani. Nataka kufanya hivyo kwa teritwari, yaani wilaya, za jimbo letu la Haut-Katanga, hapa Kongo. Naishi Lubumbashi, Likasi nimefika mara nyingi. Je, nimebakiza ngapi? — Msomaji wa Kamalondo

Ndugu msomaji, umebakiza teritwari zote sita: Kipushi, Sakania, Kambove, Kasenga, Pweto na Mitwaba. Lubumbashi na Likasi ni miji yenye meya wake; hazimo ndani ya teritwari yoyote. Likasi imezungukwa na Kambove, na Lubumbashi imezungukwa na Kipushi, lakini kukaa katikati ya shamba la jirani si kulima shamba lake. Watu wa jimbo la Virginia kule Marekani wanalijua jambo hili vizuri: wana kaunti 95 na miji 38 inayojitegemea nje ya kaunti, na anayetaka kumaliza jimbo hilo huhesabu yote 133. Ukipenda nawe fanya hivyo, useme una nane: teritwari sita na miji miwili. Bado ni kazi ndogo kuliko ya mtu wa Texas, mwenye kaunti 254.

Kabla ya kuwasha gari, amua utahesabu nini. Wako wanaoridhika gurudumu likivuka mpaka, wako wanaotaka mguu ukanyage chini, na wako wasiohesabu mpaka wafike makao makuu. Sisi tunakushauri ukanyage chini, ndani ya kijiji au senta ambayo hakuna anayebishana ni ya teritwari gani. Simu itakuonyesha ulipo kwa kosa la mita chache, lakini mstari wa mpaka ulio kwenye ramani ya simu mara nyingi umechorwa kwa kukadiria. Ukisimama mita 200 tu ng'ambo ya mstari, huenda hujavuka. Ingia kilomita tano au zaidi.

Nianzie wapi, na mwezi gani? Nina Toyota IST. — Msomaji wa Ruashi

Usizifikirie kama safari sita. Barabara zinazotoka Lubumbashi zinakupa njia tatu, na kila njia ina teritwari mbili.

Kusini ndiko rahisi. Kipushi iko kilomita 30 hivi. Unakwenda asubuhi, unarudi kula mchana nyumbani. Sakania wengi wameshaiingia bila kujua, kwa sababu njia ya kwenda Kasumbalesa inaingia ndani ya Sakania. Ukitaka kufika Sakania yenyewe, kwenye reli, usiitazame ramani ukadhani utakata njia ya mkato kupitia Zambia. Ule mguu wa nchi yetu umeingia ndani ya Zambia, na kila unapovuka ni pasipoti, kadi ya homa ya manjano na karatasi za gari. Baki upande wetu, upite Mokambo.

Kaskazini-magharibi, Likasi iko kilomita 120 hivi kwa lami, na mji wa Kambove uko kama 25 zaidi. Hapa watu wanakosea kwa kupitiliza: wanafika Fungurume wanapiga picha, wanaandika "Kambove". Fungurume ni ya teritwari ya Lubudi, na tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 Lubudi iko jimbo la Lualaba. Kama una siku ya ziada, iongeze kwenye ziwa la Tshangalele na Mwadingusha, ambako maji ya mto Lufira yanazalisha umeme tangu 1930. Shinkolobwe, mgodi wa zamani, usiiguse. Nayo iko Kambove, lakini ni eneo lililofungwa, na uranium si kitu cha kuchezea. Mitwaba nayo ni ya njia hii, kupitia Likasi; tutaizungumza hapo chini.

Kaskazini-mashariki ni njia ya Kasomeno. Kasomeno tayari ni ya Kasenga. Hapo njia zinagawanyika: kulia unateremka hadi mto Luapula na mji wa Kasenga, nyingine inapanda kuelekea Kilwa na Pweto. Kilwa, kwenye ziwa Mweru, ni ya teritwari ya Pweto, kwa hiyo kwa hesabu inatosha. Tunaona ni hasara kuishia hapo. Pweto yenyewe iko pale maji ya ziwa yanapotoka na kuwa mto Luvua, na mahali hapo panastahili siku nzima. Neno moja la tahadhari: kisiwa kiitwacho Kilwa, kilicho ziwani, ni cha Zambia. Mvuvi atakupeleka akicheka. Afisa atakayekupokea huenda asicheke.

Kuhusu mwezi: mvua inaanza karibu na Novemba, inaisha Aprili. Usiende Pweto wala Mitwaba wakati huo. Lori moja likizama kwenye tope linaziba njia, na wanaolifuata wanalala nyuma yake. Chagua Mei mwishoni au Juni. Njia imekauka, na maporomoko ya Lofoi huko Kundelungu, yenye urefu wa zaidi ya mita 300, bado yana maji. Ukingoja Septemba utapata vumbi, na Lofoi yenyewe itakuwa imekonda sana.

Na IST yako? Kipushi, Kasumbalesa, Kambove na Kasomeno, twende. Kwenye njia ya udongo ya Pweto, hapana. Tumbo la gari hilo liko chini. Kilima cha katikati ya mikondo ya malori kitagonga karteri, lile bakuli la chini ya injini, mafuta yamwagike, na usipozima papo hapo injini inakaba. Gharama ya kulivuta gari hadi Lubumbashi inazidi nauli ya kwenda na kurudi na lori.

Zimebaki Pweto na Mitwaba. Nina Land Cruiser ya mazuti, yaani dizeli. Nibebe mafuta kiasi gani? — Msomaji wa Likasi

Hesabu kutoka pampu ya mwisho unayoiamini, wala usihesabu pampu uliyosimuliwa. Kwenda Mitwaba, kwako, pampu hiyo ni Likasi. Chukua kilomita za kwenda na kurudi, zidisha kwa matumizi ya njia mbovu, siyo ya lami, kisha ongeza theluthi. Tuseme ni kilomita 600 na gari linakunywa lita 15 kwa kila 100: hiyo ni lita 90. Theluthi ni 30, jumla 120. Tangi la lita 90 likijaa, unahitaji bido (madumu) mbili za lita 20. Usizijaze hadi shingoni. Tia lita 18 kila moja, kwa sababu mafuta yanavimba kwa joto na kutafuta njia kwenye kifuniko. Bido za njano za mafuta ya kula huvuja mapema kuliko zote. Unapomimina chuja kwa kitambaa safi, kwani maji na uchafu ndani ya mazuti ndivyo vinavyoua pompi ya sindano.

Mipira: kwenye udongo uliojikunja kama bati, shusha upepo kutoka bar 2.5 hadi 2.0, mtetemo wa gari utapungua na boliti hazitalegea ovyo. Lakini ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Mpira mlegevu ukikimbia kwenye lami unapata moto na kupasuka. Beba mipira miwili ya akiba. Kila jioni toa chujio la hewa, ligonge taratibu vumbi litoke, usilioshe.

Daraja la miti, shuka ulitembee kwanza. Angalia kama mbao zimepigiliwa na kama magogo ya chini yana nafasi sawa na magurudumu yako. Abiria wavuke kwa miguu.

Ramani inaonyesha mstari kati ya Mitwaba na upande wa Dubie, teritwari ya Pweto. Usipange kuunganisha hizo mbili kwa mstari huo. Rudi Likasi, uanze upya. Eneo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliwahi kuitwa pembetatu ya mauti kwa sababu ya makundi yenye silaha, kwa hiyo wiki ya safari uliza madereva wa malori waliotoka huko juzi, na parokia. Wakisita kujibu, ahirisha.

Ushahidi wa kwamba nilifika nitaupata vipi? Picha zinatosha? — Msomaji wa Kenya, Lubumbashi

Picha zinaleta taabu kuliko ushahidi. Usipige daraja, kituo cha mpaka, askari wala mgodi. Beba daftari, upite kwenye ofisi ya teritwari, ujitambulishe, ueleze safari yako, na uombe mhuri na tarehe. Hilo pia ni adabu, na ukipata shida mbele watakujua. Ofisi ikiwa imefungwa, risiti ya nyumba ya wageni yenye jina la mahali inafaa. Kadi ya mpiga kura iwe mfukoni, na nakala iwe kwenye begi. Beba faranga ndogondogo kwa ajili ya peaji (ushuru wa barabara) na chakula. Dola iliyochanika hata kidogo, huko hawaipokei.

Nilivuka Kasenga usiku ndani ya lori, nimelala. Nihesabu? — Msomaji wa Katuba

Hapana, ndugu. Rudi mchana, ule samaki.