Studio ikifungwa, gemu yako inabaki kwa nani?

Tangu Microsoft ilipotangaza Mei 7, 2024 kuzifunga Tango Gameworks, Arkane Austin na Alpha Dog Games, maswali ya wapenzi wa gemu wa Nyanda za Juu Kusini yamekuwa na kilio kimoja. Haya hapa tuliyoona yana faida kwa wengi.

Huku Uyole tuliipenda mno Hi-Fi Rush, gemu ya Tango. Mmoja wetu anasema Tango imekufa, mwingine anasema imefufuka. Nani mkweli? Na gemu niliyoinunua itazimika?
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

Wote wawili wana kipande cha ukweli. Tango ilianzishwa Tokyo mwaka 2010 na Shinji Mikami, ikanunuliwa na kampuni ya ZeniMax, na ZeniMax yenyewe ikaingia mikononi mwa Microsoft mwaka 2021. Hi-Fi Rush ilitoka Januari 25, 2023, siku ileile ilipotangazwa. Aprili 2024 ikapewa tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya uhuishaji, na hata mwezi haujapita tangu hapo, studio ikaambiwa inafungwa. Hapo ndipo hasira za mashabiki zilipochemkia. Arkane Austin walau ilikuwa imetoka kuboronga na gemu yake ya Redfall. Tango ilifungwa ikiwa na tuzo mkononi.

Agosti mwaka huohuo kampuni ya gemu ya Krafton ya Korea Kusini ikatangaza kuichukua timu ya Tango pamoja na haki za Hi-Fi Rush. Haki za gemu nyingine za Tango, The Evil Within na Ghostwire: Tokyo, hazikuhama. Kwa hiyo studio ipo, ila imehama nyumba na baadhi ya vyombo vimebaki kwa mwenye nyumba wa zamani.

Kuhusu gemu yako, fikiria seremala wa Mafinga. Akifunga karakana, kabati lako halibomoki. Linalokusumbua ni lile kabati ambalo ufunguo wake anautunza yeye. Hi-Fi Rush ni ya mchezaji mmoja, haitegemei seva ya studio, na kama uliinunua kwenye duka la mtandaoni la Steam inabaki kwenye akaunti yako. Kama uliichezea Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia kwa mwezi, hukununua kitu: umekodi, na kodi ikiisha mlango unafungwa, studio iwe hai au mfu.

Nina banda la gemu Mwanjelwa lenye PS4 nne. Gemu nyingi nilinunua za kupakua, diski ni chache. Nifanye nini mapema nisije nikabaki na mashine tupu?
*Mwenye banda, Mbeya*

Anza na jaribio la jioni moja. Kata intaneti kwenye mashine, izime kabisa badala ya kuilaza, iwashe tena, kisha fungua gemu mojamoja na uandike kwenye daftari. Zipo zitakazofika hadi uwanjani bila shida. Zipo zitakazofunguka lakini zikanyima baadhi ya sehemu. Na zipo zitakazogoma kwenye ukurasa wa kwanza. Hizo za mwisho ndizo zenye ufunguo kwa seremala. Ndivyo ilivyokuwa The Crew: Ubisoft ilipozima seva Machi 31, 2024, hata mwenye diski alibaki na kisahani tu, kwa sababu gemu ile ilidai mtandao hata ukiendesha gari peke yako. Redfall ilikuwa na bahati kuliko ilivyostahili. Sasisho lake la mwisho, lililotoka Mei 2024 studio ikiwa imeshatangaziwa kifo, liliongeza uwezo wa kucheza bila mtandao.

Ukiona alama ya kufuli kwenye gemu za kupakua, tatizo si studio, ni leseni. Nenda Settings, kisha Account Management, kisha Activate as Your Primary PS4. Akaunti moja huruhusu PS4 moja tu kuwa ya msingi, na hapa ndipo mabanda mengi yanapokwama: akaunti moja, mashine nne. Moja itafungua bila mtandao, tatu zitataka kuhakiki kwanza. Bando likiisha Jumamosi mchana, wateja wanahamia banda la jirani.

Pili, linda masasisho. Diski hubeba gemu kama ilivyotoka kiwandani. Marekebisho ya baadaye hushuka kwa mtandao. Usifute gemu ya studio iliyofungwa ili kupata nafasi ukidhani utaipakua tena. Hata ikiwa bado ipo, gemu ya GB 50 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua saa 11 na zaidi, mtandao ukiwa haujakatika. Nunua hard disk ya nje, iumbize (format) kwa exFAT, mfumo wa kupanga mafaili, kisha Settings, System, Back Up and Restore. Oanisha vikombe vyako (trophies) na mtandao kabla, kwani haviingii kwenye nakala hiyo. Na usisahau kwamba kurudisha nakala hufuta kila kilichomo kwenye mashine unayoirudishia.

Ukitaka kunakili maendeleo ya mchezo tu, flashi inatosha: Application Saved Data Management, halafu Saved Data in System Storage, halafu Copy to USB Storage Device. Flashi iwe FAT32 au exFAT. Ya NTFS, ambayo wengi huumbiza kwa kompyuta ya Windows bila kuangalia, PS4 haitaisoma.

Tatu, umeme. Ukikatika mashine ikiwa inaandika kwenye hard disk, orodha ya mafaili huvurugika na gemu nzima huonekana imeharibika. Kabla ya kufuta chochote, zima PS4, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, sekunde saba hivi. Unganisha pedi kwa waya, kisha chagua namba 5, Rebuild Database. Haifuti gemu, hupanga orodha upya. Namba 6 na 7 usiziguse, hizo hufuta.

UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, ya VA 650 hubeba wati 360 hivi. PS4 Slim ikichezwa pamoja na TV ya LED ya inchi 32 ni kama wati 150, kwa hiyo iunganishie seti mbili, siyo nne. Ukiweka nne italia na kuzima yote kwa pamoja, na utakuwa umenunua hasara. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri, si kumalizia nusu fainali.

Hakikisha pia mashine zote zina programu ya 9.00 au ya baadaye. Kabla ya toleo hilo la 2021, betri ndogo ya saa, CR2032, ikifa na mtandao haupo, gemu zilikataa kufunguka.

Nilikuwa nacheza Mighty Doom kwenye simu na nilikuwa na sarafu nilizonunua. Zilikwenda wapi?
*Mwanachuo, Kihesa, Iringa*

Zilikwenda na seva, mdogo wangu. Mighty Doom ilikuwa kazi ya Alpha Dog. Mauzo ya sarafu yalisimamishwa siku studio ilipotangaziwa kufungwa, na gemu ikazimwa Agosti 7, 2024. Sarafu za gemu za simu hazikai kwenye simu. Ni namba kwenye kompyuta ya kampuni, na kuhifadhi faili la programu hakusaidii kitu.

Kwa gemu unayocheza sasa, weka simu kwenye hali ya ndege, zima na Wi-Fi, kisha ifungue. Ikidai mtandao, icheze kwa raha zako ila usiiwekee akiba ya sarafu: nunua unayoitumia leo. Tangazo la kufungwa likitoka, tumia zilizobaki zote. Ukiwa umenunua kwa Google Play na hayajapita masaa 48, omba kurudishiwa pesa kupitia Google kwanza. Baada ya hapo utaelekezwa kwa mtengenezaji, na mtengenezaji aliyefunga ofisi hajibu barua pepe.

Ule mchango wa saini wa Stop Killing Games, kampeni ya kutaka kampuni zisizime gemu zilizokwishauzwa, sisi wa Tunduma tunaruhusiwa kusaini?

Hapana. Uliohitaji saini milioni moja ulikuwa wa raia wa Umoja wa Ulaya pekee, na idadi hiyo ilipitwa Julai 2025. Saini ya mtu wa nje si msaada. Hukaguliwa na kuondolewa.

Nina gemu za PS2 za studio zilizokwishafungwa, zikiwemo za Midway. Baridi na unyevu vinazimaliza. Nazisafishaje?
*Msomaji, Njombe*

Umetaja Midway, na inafaa kukumbusha kwamba ilifilisika mwaka 2009, Warner Bros. ikanunua Mortal Kombat, na timu ya Chicago ikaendelea kwa jina la NetherRealm. Haki za gemu zilipata mmiliki mpya, lakini diski za PS2 hazichapwi tena. Ulizonazo ndizo hizo.

Tumia kitambaa laini cha pamba na maji safi, au spiriti ya isopropili ya asilimia 70. Futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe. Data imepangwa kwa duara, na mashine inaweza kukisia kipande kifupi kilichopotea. Mkwaruzo unaokatiza njia hugusa kipande kidogo kila mzunguko. Unaoifuata njia hula sehemu ndefu mfululizo, na hapo gemu hukwama palepale kila siku. Petroli, tina na kifutia rangi ya kucha huyeyusha plastiki. Weka mbali.

Dawa ya meno nyeupe hung'arisha mikwaruzo midogo ya chini, kwa sababu upande huo ni plastiki tupu. Kwanza tazama rangi: gemu za PS2 zenye mgongo wa bluu ni CD, na data yake imelala chini tu ya rangi ya lebo. Lebo ikibanduka, imekwisha. Za fedha ni DVD, data ipo katikati ya matabaka mawili, huvumilia zaidi. Zile zilizochomwa mtaani huharibiwa na jua kuliko unyevu, usizipange dirishani.

Zihifadhi wima kwenye makasha yake, juu ya kabati la ndani, si ukutani kunakotoka jasho. Asubuhi za Juni na Julai, mashine ikitoka kwenye chumba cha baridi ikaingia penye jiko la mkaa, umande huganda kwenye lenzi na kila diski itaonekana mbovu. Iache saa moja au mbili ikiwa imezimwa ipate joto la chumba, ndipo uiwashe. Wengi wamebadilisha lenzi nzima kwa tatizo hilo tu.