Tulioambiwa Tutoke Ukumbini

Swali la wiki lilikuwa: je, kampuni zinazokuja vyuoni kutafuta wahitimu zinawasaidia vijana kupata ajira? Mimi nitawasemea wenzangu tunaorudi hosteli mikono mitupu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasomea uhasibu kwenye chuo kimoja cha mkoani. Ijumaa tangazo likabandikwa ubaoni: kampuni kubwa kutoka Dar inakuja Jumanne, wahitimu wote wa biashara waje na CV, vivuli vya vyeti na picha za pasipoti. Wahitimu wote. Jumatatu foleni ya steshenari ilifika barabarani. Boom, hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limekata zamani, nikatoa kopi kwa hela ya kula ya siku mbili na kununua bahasha ya kaki. Usiku mwenzangu wa chumbani akanyoosha blauzi yake na yangu.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Karibu saa nzima tulionyeshwa picha za ofisi zao, kisha afisa rasilimali watu akashika maiki: wenye GPA, yaani wastani wa alama za chuo, kuanzia 3.5 wabaki, wengine tunawashukuru kwa kuja.

Mimi nilikuwa na 3.4. Viti vya chuma vikaanza kukwaruza sakafu, zaidi ya nusu ya ukumbi tukasimama. Nilipompita mwenzangu, aliyekuwa na 3.9, aliinamisha kichwa. Nikakaa kwenye ngazi za nje na bahasha yangu mapajani. Hakuna aliyeifungua aone kwamba wakati wa field, mafunzo ya vitendo kazini, niliandaa usuluhisho wa benki wa halmashauri, yaani kulinganisha vitabu vyake na taarifa ya benki, kwa mkono wangu. Hiyo 3.4 ilitokana na masomo matatu ya mwaka wa kwanza, mkopo ulipochelewa nikawa nasoma kwa madaftari ya kuazima.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema wasije kabisa, watangaze mtandaoni kila mtu aombe. Lakini nikimfikiria yule mwenzangu nashindwa. Baba yake ni mkulima Kondoa. Dar hakuwa na mjomba wa kumpelekea CV, na sote tunajua koneksheni inavyofanya kazi. Walimkuta palepale alipo, wakamchukua.

Basi waje, na wafike mikoani, siyo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tu. Ila kama wanataka 3.5, waiandike kwenye tangazo lilelile la ubaoni, mtu asitoe hela ya chakula bure. Na wakishafika wapokee bahasha zote, hata kama watazisoma baadaye. Kuhusu GPA yenyewe bado sikubaliani nao, ingawa naelewa watu watatu waliotumwa na kampuni hawawezi kusaili mamia kwa siku moja.

Mwenzangu alipopata mshahara wake wa pili alinitumia nauli ya kwenda Dodoma kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, inayoajiri watumishi wa umma. Nilikwenda na bahasha ileile.