Pikipiki ya Safari Ndefu Baada ya Miaka Sita

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusudia kununua Honda Africa Twin CRF1000L iliyokwisha kutumika, kwa safari zangu za kikazi kati ya Tabora na Kigoma. Je, mwenye pikipiki hiyo huendelea kuridhika nayo miaka inapopita? Msomaji, Tabora.

JIBU: Ndugu msomaji, nimekaa na pikipiki ya aina hiyo kwa miaka 6, na ningeinunua tena. Gurudumu lake la mbele, lenye inchi 21, hupita juu ya mashimo ambamo gurudumu dogo lingetumbukia, na injini ya sentimita za ujazo 998 hustahimili mwendo wa kutwa bila kulalamika. Kwa kuwa tairi zake hutumia tyubu, hata fundi wa bodaboda wa Kaliua ataziba pancha yako. Faraja hiyo ni kubwa kuliko wauzaji wanavyodhani.

Linalochosha ni vumbi. Chujio za hewa ni mbili, nami huzikagua mapema kuliko kitabu kinavyoagiza, sawa na mnyororo, ambao huliwa haraka wakati wa kiangazi. Vali za injini hukaguliwa kila kilomita 24,000, na kazi hiyo mpe fundi aliyewahi kuifanya. Uzito wake unazidi kilo 220, hivyo ikianguka kwenye tope la masika utahitaji msaada.

Vipuri huagizwa kutoka mbali, basi weka akiba ya fedha kabla hujalipa bei ya pikipiki, na umwombe muuzaji kumbukumbu za matengenezo yote.