Wasomaji Wauliza: Historia ya shule yetu tuiandikeje?

SWALI: Ndugu mhariri, shule binafsi ya bweni hapa mjini kwetu inaandaa kijitabu cha historia yake. Rasimu inadai ndiyo shule ya bweni ya kwanza mkoani, na wazee wanabisha. Halafu nusu ya kurasa ni picha za wageni rasmi. Mji wenyewe haumo. Tuanzie wapi?
Mwanakamati, Muheza

JIBU: Hilo la "ya kwanza" lifuteni leo. Hapo hapo Muheza, misheni ya Waanglikana ya Magila ilikuwa ikifundisha tangu karne ya 19. Tanga mjini Wajerumani walifungua shule ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1890, wanafunzi wakafundishwa hadi uchapaji, na gazeti la Kiongozi likaanza kutoka huko 1904. Bagamoyo ndiyo usiseme: mapadre wa Roho Mtakatifu waliingia 1868. Shule yenu haipungukiwi kitu ikiitwa ya thelathini.

Mwaka wa kuanzishwa nao una mtego. Jiwe la msingi lina tarehe yake, usajili wake, na wanafunzi wa kwanza wanaweza kuwa walishaingia kabla ya vyote viwili. Andikeni zote tatu. Kama shule ilikuwepo kabla ya Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoziweka shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa serikali, tegemeeni pengo: majina yalibadilishwa na mafaili yakahama. Ulizeni makao makuu ya dayosisi na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Mji mtaukuta kwenye madaftari mawili. La uandikishaji lina safu ya kijiji alikotoka mwanafunzi: hesabuni kwa kila miaka mitano, mtaona lini watoto wa jirani walianza kupungua na wa mbali kuongezeka (mara nyingi ni mwaka ada ilipopanda). Majina na sababu za kuacha shule msizichapishe. La pili ni leja ya stoo. Wanafunzi 300 wakila gramu 400 za unga kwa siku ni kilo 120. Kwa siku 270 za bweni ni tani 32 na ushee. Je, mahindi hayo yalinunuliwa Muheza au yaliletwa na mzabuni wa mbali? Hapo ndipo mtajua mji unapata nini, hotuba za mahafali hazisemi.

Karatasi za pwani huliwa na unyevu na mchwa, na pini hushika kutu. Ng'oeni pini taratibu, pigeni picha kila ukurasa karibu na dirisha bila flashi, mkianza na jalada ili msichanganye madaftari.

Wahojini wapishi, walinzi na matroni kabla ya wakuu wa shule. Usimuulize mzee "mwaka gani?" Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya Vita vya Kagera.

SWALI: Mjukuu wangu yuko darasa la tatu. Shule moja Bagamoyo iko tayari kumpokea bweni. Inaruhusiwa?
Bibi, Bagamoyo

JIBU: Shikamoo bibi. Kwa kawaida, hapana. Tangu Machi 2023 bweni limesitishwa kuanzia madarasa ya awali hadi la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Omba kukiona kibali hicho kabla ya kulipa chochote.