Jini kapenda, wasomaji wanacheka

SWALI: Shangazi shikamoo. Naandika hadithi ya majini kwa simu, kila Ijumaa natuma sura moja kwenye magrupu. Kuna binti anakaanga mihogo Pangani, na jini wa miaka 700 anayeishi kwenye mbuyu wa jirani, anajigeuza kijana mtanashati anakuja kununua. Sura ya kwanza wanaangaliana, sura ya tatu jini anamwambia yuko tayari kuichoma dunia nzima kwa ajili yake. Hapo ndo watu wakaanza kutuma emoji za kucheka, mmoja akaandika "kwani huyu jini kapendea nini?" Imeniuma kweli. Nimekosea wapi?
Mwandishi wa Ijumaa, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huyo aliyeuliza usimbloku, ndo msomaji wako bora. Hata mimi nimesoma hizo sura tatu ulizonitumia nikajiuliza hivohivo. Kiumbe kaishi miaka 700, kaona Wareno wanakuja wanaondoka, kaona Wajerumani, kaona Waingereza, wanawake wazuri waliopita chini ya huo mbuyu hata idadi hana, leo kazimia kwa binti eti "macho yake yaling'aa kama nyota". Macho jamani! Miaka yote hiyo alikuwa hajaona macho?

Msomaji wa hadithi za majini hana ugomvi na jini. Mti ukiongea sawa, mtu akigeuka paka sawa, hayo anameza bila maji. Ila mapenzi anayajua, kashapenda, kashaachwa, kashadaiwa mahari, kwa hiyo ukifika hapo anakukagua kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzie.

Na kinachonichekesha ni kwamba dawa umeiandika mwenyewe halafu ukaipita. Mwanzoni kabisa umesema jini wako hali chumvi, akila anaishiwa nguvu siku saba. Baada ya hapo chumvi haitajwi tena! Mwanangu, binti anauza mihogo, ya chumvi na pilipili na kachumbari pembeni, sasa huyo jini siku zote anazonunua anaipeleka wapi?

Hebu fikiria hivi. Binti anapita nyuma ya mbuyu anakuta mihogo yake imetupwa, kunguru wanagombania. Anakasirika, kaamka saa kumi usiku kuimenya halafu mtu anaitupa. Kesho yake kijana akija anampa makavu mbele ya wateja, "kama mihogo yangu mibaya usinunue", na jini anabaki anaangalia chini kwa sababu hawezi kusema ukweli na uongo wa haraka hana. Siku ya tatu binti, ambaye kashagundua kwamba hata kachumbari anaiacha palepale ilipo, anamtengea sahani moja haijanyunyiziwa chumvi, hasemi kitu, anaisukuma tu. Jini anakula hapohapo kwenye benchi mpaka anamaliza. Siku zinazofuata wateja wanauliza mbona hiyo sahani haiguswi, binti anajibu "ina mwenyewe". Hapo hujaandika neno nakupenda na msomaji kashajua, na lile swali la kapendea nini limejijibu, miaka 700 watu wamemwogopa au wamemwomba utajiri, huyu wa kwanza kamwangalia anakula nini.

Ukishafika hapo ndo unaleta bili. Siku ya kupelekwa kwa mama mkwe kuna samaki wa kupaka, kakolea chumvi, na mama anamtolea jicho kwa sababu kashasikia maneno ya mtaani. Jini anakula, tonge la kwanza, la pili, mkono unaanza kutetemeka, binti anaona, anaivuta sahani, "mama huyu kashiba", na kwa kufanya hivyo kamdanganya mama yake kwa mara ya kwanza. Wote wawili wametoa kitu, tena kinatokana na sheria ya dunia yako uliyoitunga mwenyewe. Kuichoma dunia hakumgharimu jini chochote, anaweza. Chumvi inamgharimu.

Wazungu wanaopenda hadithi hizi humtaja sana Tolkien, mwandishi Mwingereza. Kwenye hadithi yake ya vitabu vitatu, The Lord of the Rings, Arwen ni wa jamii isiyozeeka wala kufa kwa uzee, Aragorn ni binadamu, akiolewa naye anachagua kufa. Bei hiyo inauma, tena sana. Ila habari yao yenyewe kaiweka nyuma kabisa kwenye viambatisho vya kitabu cha tatu, kilichotoka 1955, kwa hiyo ukiishia pale hadithi kuu inapoishia utaona ghafla tu kuna harusi, bibi harusi mwenyewe umemwona mara chache mno. Tolkien kasamehewa kwa mengine mengi, wewe wa Ijumaa hatusubiri viambatisho.

SWALI: Shangazi, kwenye hadithi yangu binti mfalme anamwekea shujaa limbwata kwenye uji, shujaa anampenda, wanaoana, mwisho mzuri. Rafiki yangu anasema hayo si mapenzi. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Rafiki yako. Aliyelishwa hajachagua, na asiyeweza kukataa hatuwezi kumwamini akisema ndiyo. Lakini limbwata usilitupe, lichelewe tu kuisha. Miaka mitatu ya ndoa, mtoto mmoja, asubuhi moja shujaa anaamka kichwa chepesi, anamwangalia mkewe anakoroga uji kama kawaida, na mke kwa namna anavyoangaliwa anajua limekwisha. Anamwekea bakuli mezani. Huyo bwana anakunywa au hanywi? Mimi ningeanzia hapohapo, hiyo harusi ya mwanzo ningeipa kurasa mbili zinatosha.

SWALI: Lazima wawepo wanaume wawili wanamgombania?
Asiye na Muda, Dodoma

JIBU: Hapana. Ukiona wa pili kaletwa ili wa kwanza aone wivu tu, mpe nauli arudi kwao.