Karibu tukuhudumie: kanga iliyonifundisha kuongoza timu mchanganyiko

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naongoza timu ya ubunifu kwenye kiofisi cha matangazo hapa Dar. Mteja mmoja akataka kanga za kuwagawia wateja wake wanawake tarehe 8 Machi. Mezani tulikuwa saba: wanaume watano na dada wawili, mmoja wa Pemba, mwingine wa Mwanza. Nusu saa haikuisha, mzee wetu wa mauzo akatoa jina la kanga: "Karibu tukuhudumie". Ilikuwa kaulimbiu ya mteja mwenyewe. Tukapiga makofi. Nikawageukia wale dada, "Vipi, mmeionaje?" Wakatazamana. "Nzuri tu, kaka."

Aliyezoea kujifunga kanga ameshacheka. Asiyezoea, nimweleze: jina hukaa juu kidogo ya pindo la chini, na mwanamke akijitanda au kujifunga, mara nyingi maandishi humwangukia makalioni. Sasa mfikirie mama wa watu anakatiza sokoni na mwaliko ule nyuma yake.

Doti moja nilimpelekea mama yangu Tanga. Nilipokwenda tena nikaikuta imekuwa tambara la kudekia. Mama hakusema neno, na mimi sikuuliza.

Baadaye nilimuuliza yule dada wa Pemba kwa nini alininyamazia. Akasema, "Kaka, mimi yule mzee namwamkia shikamoo kila asubuhi. Ningemwelezaje makalio mbele ya wanaume watano?" Hapo nikanyamaza mimi. Nilikuwa najisifu kwamba timu yangu ina wanawake, ina pwani na bara, ina Waislamu na Wakristo. Kumbe kikao nilikiendesha kwa namna ambayo anayejua jibu ndiye asiyeweza kulisema.

Inauma zaidi kwa sababu kanga yenyewe ni zao la mchanganyiko. Wanawake wa pwani walishona pamoja vitambaa vilivyokuja na Wareno, ndiyo maana kule Mombasa mpaka leo kanga inaitwa leso, neno la Kireno. Wafanyabiashara wenye asili ya India wakaingia. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake watu wanazijua kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Korosho unazoziona kwenye mji wa kanga, yaani sehemu ya katikati, zina asili ya nakshi za India, na majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini mwenye kauli ya mwisho alikuwa mvaaji. Fundi alichora, mfanyabiashara akaagiza, na mwanamke asipoipenda inabaki rafuni. Sisi mvaaji tulikuwa naye mezani na hatukumsikia.

Tangu hapo nimebadilisha mambo mawili matatu. Kubwa ni hili: hakuna kusema kabla ya kuandika. Kila mtu anapewa karatasi na dakika kumi za kimya, kisha karatasi zinachanganywa na kusomwa bila majina. Si uvumbuzi wangu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kuwa watu wakifikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa, wanatoa mengi kuliko idadi ileile ya watu wakikaa pamoja kupayuka. Kwetu sisi faida ni mbili, maana karatasi haina shikamoo.

Pili, mkubwa anasema mwisho, na mkubwa huyo ni pamoja na mimi. Utafiti wa Anita Woolley na wenzake, uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2010, ulipima watu 699 katika vikundi vidogo. Vikundi vilivyotawaliwa na wasemaji wachache vilifanya vibaya. Vilivyogawana zamu za kusema vilifanya vizuri, na vile vyenye wanawake wengi vilielekea kufanya vizuri zaidi, hasa kwa sababu wanawake walikuwa wepesi wa kusoma hisia za wenzao. Akili ya mmoja mmoja haikusaidia sana.

Lakini msidanganyike kwamba ni raha. Timu mchanganyiko inachosha. Tulipoajiri kijana wa Nairobi, siku ya kwanza alimwambia mhudumu, "Nipe chai." Dada wa Mwanza akamnunia wiki nzima, kwake mtu mwenye adabu husema "naomba". Kijana wa watu hakujua kosa lake. Ilibidi niwakalishe, nikaeleza kwamba ukavu ule si dharau na upole ule si unafiki. Ningekuwa na Watanzania watupu ningeokoa wiki hiyo. Ila ningemkosa mtu pekee ofisini anayeweza kumtazama bosi usoni na kusema, "Hii ni mbaya."

Na alilisema. Mteja mwingine, wa mambo ya akiba, alitaka jina la kampuni yake liandikwe kwenye kanga kwa herufi kubwa. Sisi wengine tulikuwa tunatafuta maneno laini ya kumkubalia. Kijana akasema hakuna mwanamke atakayevaa bango. Mteja alinuna, kisha akatupa siku tatu. Zikaandikwa karatasi, na moja, kwa mwandiko ambao sote tuliujua wa nani, ilikuwa na maneno manne: "Kelele sina, akiba ninayo."

Safari hii hatukuishia kwenye kompyuta. Tulichapa sampuli, dada wote wawili wakajifunga na kutembea ukumbini huku wenzao wakisoma kwa nyuma. Fumbo lilikaa sawasawa: ukitaka ni ujumbe wa benki, ukitaka ni kijembe.

Mama naye nilimpelekea doti. Siku mbili baadaye akapiga simu kuuliza kama imebaki nyingine, kuna jirani anataka kumpa aisome.