Difu ya nyuma kunguruma kwenye kona baada ya kubadilisha oili

Ndugu, umeuliza kwa nini difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma, ya gari lako la zamani inanguruma unapokata kona kali tangu ulipobadilisha oili. Huenda yako ni difu inayozuia mtelezo. Hiyo ina pleti za klachi zinazobanwa na springi, nusu zikizunguka na ekseli na nusu na nyumba ya difu, ili tairi moja ikiteleza kwenye tope nguvu iendelee kufika kwenye ya pili. Kwenye kona pleti hizo hulazimika kuteleza, na oili isiyo na kiongezi cha kupunguza msuguano huzifanya zinate na kuachia kwa mishtuko. Mimi ningeanza na kiongezi hicho kabla ya kufungua chochote. Usipime kwa kuinua gurudumu moja na kutia gia. Lililo chini litalisukuma gari litoke kwenye jeki.